Chini ya Balkoni ya Hajji

Biira mwanangu, mama yangu,

Ya blanketi, ya dawa ya mbu, ya kutokula kila kitu kinachochomwa kando ya barabara, mama yako ameshayasema, na namsikia bado anayasema huko chumbani huku akikunja nguo zako kwa mara ya tatu. Mimi sitayarudia. Nimekaa hapa mezani, jua bado halijavuka upande wa Kongo, na mbele yangu kuna lile daftari uliloandika juu yake "Majengo ya Baba". Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo kusomea ujenzi. Kuna kitu umeandika humu ambacho si kweli, na kosa si lako.

Nakuandikia Kiswahili, si Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani. Kiswahili ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi, na haya ni mambo ya kazi. Kwa Lhukonzo ningelia, nisimalize.

Unakumbuka wiki iliyopita uliponionyesha kwenye simu yule msanifu wa Marekani, mzungu wa zamani mwenye masharubu na kola ngumu, aliyejenga kabla hata babu yangu hajaoa. Ulinisomea majengo yake moja moja. Benki ipo. Kanisa lipo. Shule iliungua. Nyumba fulani ilibomolewa, sasa pale watu wanaegesha magari. Nilishangaa sana. Mtu amekufa siku nyingi, na huko kwao kuna watu wamekaa wanahesabu kuta zake kama sisi tunavyohesabu mbuzi jioni! Nikakuuliza, "Na pale alipokosea, wameandika?" Ukacheka. "Hiyo hawaandiki, Baba." Kisha ukachukua daftari ukasema na mimi nitaandikiwa yangu, kwa nini Wamarekani peke yao.

Basi mimi naongeza ile ambayo hawaandiki.

La kwanza kwenye orodha yako ni kanisa la Bwesumbu. Umeandika "lipo", na ni kweli. Hukuandika jinsi lilivyochorwa maana hukuwepo. Mimi sijawahi kuwa na ramani ya karatasi, unajua. Nilikuwa nachora kwa majivu. Asubuhi mapema, kabla ya upepo, nachukua ndoo ya majivu ya jikoni, namwaga mstari chini, ukuta kwa ukuta, na pa mlango naacha wazi. Halafu nawaita wenyewe waje watembee humo ndani. Pale Bwesumbu bibi mmoja alifika kwenye mstari akasimama, akakataa katakata kuuvuka. "Mlango wa huku iko wapi? Sisi watu wa chini tunatokea huku." Nilikuwa nimeshapima kila kitu, nikakasirika, lakini nikafuta majivu kwa kiatu nikamfungulia mlango alipotaka. Kanisa lilipokwisha, mlango ule ndio watu wote walioutumia. Ule mkubwa wa mbele alipita askofu mara moja.

Siku hizi waumini wamejenga jipya chini, karibu na barabara. Langu lipo, lakini ndani mna mbuzi, na mlango wa yule bibi hauna mbao.

Nyumba ya mchuuzi wa samaki pale Katunguru umeweka alama ya kuuliza. Haipo. Alipopata kidogo aliibomoa akajenga ya vigae, tena alinialika kwenye sherehe ya kuingia. Nilikula samaki wake nimekaa juu ya msingi wangu mwenyewe, nikasema Mungu abariki nyumba hii. Ningesema nini?

Zile nne za Kasese, kando ya Nyamwamba, mto ulizibeba. Hizo zilijengwa vizuri, Biira, kuta zake sina lawama nazo. Niliwaambia wenyewe kwamba mto ule hupita unapotaka, wakasema kiwanja ndicho hicho hawana kingine. Nilikwenda kutazama maji yalipopungua. Sebuleni mlikuwa na jiwe kubwa kuliko ng'ombe. Nililigusa nikarudi nyumbani, sikula siku ile.

Basi imebaki moja. Umeiandika kwa kalamu nyekundu, ukapigia mstari: "Jengo la Hajji, Bwera. Lipo. Imara."

Neno hilo la mwisho ndilo limenikalisha hapa.

Hajji Twaibu, Mungu amrehemu, alikuwa na lori la chumvi. Alipeleka ndizi na mahindi ziwani Katwe, akarudi na chumvi hapa sokoni, Wakongo wakavuka mpaka kuja kununua. Mtu mzuri, mwenye kelele, anayekumbatia watu. Alitaka ghorofa la kwanza katika barabara hii, maduka chini, mafundi cherehani juu, na mbele balkoni ndefu inayotazama Kongo, "ili wakija wajue wamefika mahali". Alinitafuta mimi. Walikuwepo wenye vyeti, lakini alinitafuta mimi, na siku hiyo ndiyo watu walianza kuniita Injinia. Nakuambia ukweli, jina hilo nililipenda kupita kiasi. Nilikuwa nikiitwa naitika mara mbili.

Siku ya kumwaga zege la juu unaijua ilivyo, umeiona kwa wengine. Kazi haisimami. Ukianza asubuhi lazima umalize, la sivyo zege linaungana vibaya. Vijana walikuwa wamejipanga ngazi nzima wakisubiri kupokezana makarai. Nondo zilikuwa zimefungwa, nilizifunga mwenyewe waya kwa waya. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, sheikh ameshasoma dua, padri naye amekuja kwa heshima ya jirani. Kitu kimoja kilikosekana, mchanga. Mto ulikuwa umejaa, wachimba mchanga hawakuweza kuingia majini wiki nzima. Hajji akasema, msiwe na wasiwasi, lori langu liko njiani.

Lori lilikuja kutoka Katwe. Juu ya mchanga alikuwa amekaa mwanamke na magunia yake mawili ya chumvi, anaitwa Ithungu, mmoja wa wale wanaokata chumvi ziwani kwa mikono. Alishuka, akaniangalia ninavyoelekeza watu, akaniita pembeni kwa adabu.

"Fundi, hii muchanga ni ya kwetu, ya kando ya ziwa. Usiweke na chuma."

"Kwa nini, mama?"

"Iko na chumvi. Sisi kule hata musumari hatuamini, tunafunga nyumba na kamba. Inakula chuma polepole, unaona tu siku moja mulango imeanguka."

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa mtu wa Bukoba, na kitu cha kwanza alichonifundisha, kabla ya mwiko, kabla ya timazi, ni kuonja mchanga. Unauchukua kidogo, unauweka ulimini. "Ukipata chumvi, mwaga," aliniambia. "Usiulize mtu." Basi nikainama, nikachukua mchanga wa Hajji, nikauweka mdomoni.

Ulikuwa wa chumvi, Biira. Si kidogo. Ulikuwa wa chumvi kama machozi.

Ithungu aliniona naonja. Hajji aliniona. Vijana wote kwenye ngazi waliniona, makarai mikononi. Ningesema "mwageni", siku ingekufa hapo hapo, ng'ombe ameshachinjwa, na watu wangesema Injinia hajui hata kupanga mchanga. Nikatema mate, nikacheka, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Mama, zege si mboga! Chumvi kidogo itaongeza utamu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Hajji alinipiga begani. Ithungu hakucheka, alichukua magunia yake akaenda sokoni. Sisi tukamwaga zege, na jioni tukala nyama.

Kicheko kile nimekisikia kila siku tangu hapo. Sikukosea kwa kutojua, nataka uelewe hilo. Nilijua, nikaona haya.

Na jengo lilitoka zuri, ee Mungu wangu, lilitoka zuri! Wewe ulizaliwa msimu uleule. Ulijifunza kuchora kwa kulichora. Nimehifadhi ile ya kwanza, balkoni ina urefu kuliko nyumba na mama yako amesimama chini yake na kikapu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Na hata ile picha uliyopeleka chuoni ili wakuchukue ilikuwa hiyohiyo balkoni, safari hii imepimwa vizuri. Ulipopata nafasi ulisema mbele ya wajomba zako, "Nimeipata kwa jengo la Baba." Walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi.

Maana nilikuwa nimeshaona. Mwanzo ilikuwa mistari ya rangi ya chai upande wa chini wa balkoni. Kisha unga mweupe ukutani kila baada ya mvua. Siku moja, soko halijafunguliwa, nilipanda juu ya benchi nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikia uwazi ndani. Nikachokonoa na kisu. Nondo niliyoifunga mimi, iliyokuwa nene kama kidole gumba, ilibanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, na katikati ikabaki kitu kama sindano ya kushonea magunia.

Sasa nakuambia la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Hili hata padri hajalisikia.

Mama yako aliuza pale chini ya balkoni miaka mingi, wewe umelala kwenye kile kikapu. Pembeni yake alikuwa Kabugho wa nyanya, rafiki yake wa damu. Siku niliyochokonoa, nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako ahamie ng'ambo ya barabara. Nilimdanganya kwamba Wakongo wananunua zaidi upande ule. Aligombana na mimi siku tatu. "Kule jua kali, Baba Biira, na Kabugho nitamwacha na nani?" Lakini alihama. Na mimi nikakaa kimya. Nilimtoa wangu, wengine nikawaacha. Kabugho nikamwacha. Wale wasichana wa cherehani juu nikawaacha, na watu wote wanaojibanza pale kila mvua inaponyesha, kwa sababu barabara nzima haina kivuli kingine. Miaka miwili, Biira. Nilipita pale nasalimiwa "Injinia!", naitika, naenda zangu.

Kilichonifungua mdomo ni kipande kilichoanguka siku moja ya Jumanne, ukubwa wa mkate, kikaingia kwenye kikapu cha nyanya cha Kabugho. Hakikumgusa. Alikuja hapa nyumbani amekibeba kwa mikono miwili, anacheka. "Injinia, jengo lako limeanza kutaga!" Mama yako naye akacheka. Niliingia ndani nikavaa viatu.

Nilimwendea mtoto wa Hajji, maana baba yake alikuwa ameshafariki. Nilimwambia yote, ya mchanga pia. Alinisikiliza vizuri, akanipa soda. Kisha akasema, "Mzee, wewe umechoka. Jengo hili watu wanakuja kulipiga picha, na wewe unataka nilibomoe?" Wiki iliyofuata alileta watu wakapiga plasta upya chini ya balkoni na rangi ya buluu. Ilipendeza sana. Ukiiona utasema imejengwa jana.

Nilikwenda ofisini. Afisa kijana, mpole, aliniuliza, "Ripoti ya injinia iko wapi?"

"Sina. Lakini mimi ndiye niliyejenga."

"Kwenye karatasi wewe ni nani, mzee?"

Kwenye karatasi mimi si mtu. Mimi nilichora kwa majivu.

"Basi leta mtu mwenye cheti aandike, sisi tutafuata. Bila hiyo siwezi kumfungia mtu mali yake." Alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema nimsalimie mama.

Imamu alitangaza Ijumaa moja, padri Jumapili moja, wewe ukiwa bado bwenini shuleni. Watu walitikisa vichwa, wakasema wamesikia. Jumanne mvua ikanyesha, wakajaa pale chini bega kwa bega. Kabugho nilimwambia ana kwa ana, nikamwambia mpaka ya mama yako kuhama. Alipangapanga nyanya zake. "Baba Biira, mimi nitaenda wapi? Ng'ambo kumeshajaa." Tangu siku hiyo ananisalimia kwa kichwa tu.

Basi ndiyo maana ya ile aibu niliyokutia.

Unaijua siku ninayosema. Ulikuwa na rafiki zako watatu waliokuja kukuaga, mvua ikawashika sokoni, mkakimbilia chini ya balkoni. Ulikuwa unawaonyesha kwa kidole, "Hili ndilo." Nilikuja na fimbo yangu nikikufokea kama afande, "Toka! Toka hapa! Wote toka!" nikakuvuta mkono mpaka ukateleza kwenye matope. Watu wakapiga kelele, "Mzee wa Mvua ameanza!" Hilo ndilo jina langu siku hizi, maana kila mvua nawafukuza pale; Injinia limekwisha. Ukaniambia, "Baba, unaniaibisha. Hili si jengo lako?" Uligeuza uso, ukaenda na rafiki zako kwenye mvua, na mimi nilifurahi, hata kama ni kwa hasira, alimradi mmetoka.

Nyumbani uliniuliza nina nini. Nikasema uzee. Ukanionea huruma, ukachukua daftari ukaandika "imara" ili unifurahishe. Niliogopa, mama. Ungeniangalia kama ninavyojiangalia mimi asubuhi ninaponyoa ndevu. Watu wote wa Bwera walikuwa wameshaniona mwendawazimu, wewe peke yako ulikuwa bado unaniita fundi.

Ushauri sina. Baba wengine wana ushauri, mimi nina ulimi uliowahi kuonja ukweli ukautema. Huko chuoni watakufundisha mambo ambayo mimi hata majina yake siyajui. Lakini siku itafika umesimama mbele ya watu, chakula kiko tayari, wakubwa wamevaa vizuri, na wewe peke yako ndiye unayejua ladha iliyoko mdomoni mwako. Kumbuka tu kwamba aliyenionya alikuwa mwanamke juu ya lori, miguu imepasuka kwa chumvi, na ndiye pekee pale aliyekuwa injinia.

Yule afisa alisema nilete mtu mwenye cheti. Katika ukoo wetu mtu huyo atakuwa wewe. Miaka mitano. Nimehesabu kwa vidole, misimu ya mvua ni miwili kila mwaka, yaani kumi. Karatasi yako ya kwanza, ukija kuiandika, ndiyo itakayoliangusha jengo la mwisho la baba yako, nami nakuomba uiandike bila kunionea huruma. Lakini sikudanganyi tena. Nondo ile nimeishika. Haina mvua kumi ndani yake. Sijui kama ina mbili.

Ndani ya begi lako, kwenye ile soksi nyeusi, nimeweka kipande chake. Usikishike kwa nguvu, kitavunjika. Na daftari nakurudishia. Neno "imara" nimelifuta mwenyewe kwa wembe, karatasi imetoboka kidogo, nisamehe. Mahali pake nimeandika: "Lipo. Chini yake kuna watu."

Kesho ni Ijumaa, siku ya soko. Mlima umefunikwa tangu mchana, na mama yako anasema goti lake linauma, kwa hiyo mvua ipo. Ndiyo maana sitakusindikiza stendi. Usidhani sikupendi. Watu wataanza kujikusanya saa mbili, saa hizohizo basi lenu linaondoka, na mtu wa kuwatoa pale ni mimi tu.

Kaa upande wa kushoto wa basi. Mtapita mbele ya jengo. Utaona mzee mmoja na fimbo anafukuza watu kwenye mvua, watu wanamcheka, Kabugho hamtazami. Safari hii usigeuze uso.

Baba yako,
fundi